Nambari tisa usiku mmoja: nani huyu anabisha hodi kwenye simu yangu?

Mwana Kibokoni · Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Asalaam aleikum jamaa zangu. Sijalala.

Mimi nauza leso na madera. Duka ni kichumba tu pale Biashara Street, lakini biashara yenyewe iko ndani ya simu. Wateja wa Lamu, Malindi, Voi, mpaka Toronto, wote hunipata WhatsApp. Simu ikinipotea, hata duka sina. Ndiyo sababu mnaniona na wahka.

Usiku saa nane na dakika ishirini simu ikalia. Nikadhani ni wale wa Toronto, maana kwao ndio kwanza jioni. Kutazama, meseji: nambari yako ya Facebook ni hii. Sikuomba nambari yoyote. Ikaja ya pili. Ya tatu. Nikaitia simu chini ya mto, ikawa yatetema tu kama kuku aliyefungwa miguu. Alfajiri nahesabu, ni tisa.

Sasa la ajabu. Facebook yangu niliifungua kwa barua pepe, enzi za simu za vitufe, na sijaigusa tangu mwaka juzi. Nikasema labda wamekosea. Kutoka kuswali nakuta meseji nyingine, ya mtu safari hii, nambari siijui:

"Samahani dada, hiyo laini yako ilikuwa yangu zamani. Facebook yangu imefungwa na ina picha za marehemu mamangu. Nambari inakuja kwako. Naomba unisomee ile ya mwisho tu. Mungu atakulipa."

Na hapa ndipo nilipokwama, kwa sababu huenda ni kweli. Laini hii niliinunua mwaka juzi, ile yangu ya kwanza ilipopotea. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikipigiwa na watu wakimtaka mtu mwingine kabisa. Mmoja alinidai pesa za mbuzi wiki nzima, hakutaka kuelewa kwamba mimi si yule.

Nimpe ama nisimpe? Na je, nshadukuliwa au bado?

---

Mahamri na Mbaazi · saa 1:05 asubuhi

Zima simu sasa hivi. Toa betri. Nunua simu mpya. Hao wakishaingia hawatoki.

---

Fundi wa Mwembe Tayari · saa 1:31 asubuhi

Mahamri, betri ya simu za siku hizi aitoa vipi, kwa meno? Na simu mpya ya nini? Zile nambari haziendi kwa simu, zinaenda kwa laini. Nunua ya elfu hamsini, tia laini ile ile, meseji zitakufuata huko huko.

Dada, usimsomee mtu chochote kwa sasa. Halafu nisikilize.

Meseji ile maana yake ni moja: kuna mtu ameandika nambari yako ya simu kwenye ukurasa wa kuingilia Facebook, akabonyeza pale penye "nimesahau neno la siri". Basi. Hahitaji kuwa na simu yako wala ujuzi wowote. Nambari yako imepakwa rangi juu ya mlango wa duka, mtoto wa darasa la tano aweza kukutumia meseji nane kama zile kabla chai haijachemka. Huyo yuko nje anabisha hodi. Akiingia, atakuwa ameingia kwa sababu wewe umemsomea tarakimu.

Habari ya laini kuwa ya mtu zamani ni kweli hutokea. Laini ikikaa miezi bila kutumika, kampuni huichukua ikaiuza upya. Kwa hivyo hadithi ya huyo bwana si ya kutupwa moja kwa moja. Lakini nina maswali mawili, na usijibu haraka.

La kwanza: hizo tisa, umezisoma neno kwa neno? Au umeona "nambari yako ni" ukapita? Zisome tena, moja moja, uniambie kila moja imetoka wapi.

La pili: ile laini yako iliyopotea. Leo iko mfukoni mwa nani? Na barua pepe yako, ukisahau neno la siri, nambari ya kukurudisha ndani itapelekwa kwa laini gani?

Niko kibandani mpaka saa mbili usiku.

---

Shangazi wa Kisauni · saa 2:10 asubuhi

Mwanangu usimpe. Usimpe hata akikwambia ni mamako anayekufa.

Sisi chama chetu kilipigwa hivi hivi, na aliyeponza ni mweka hazina. Alipigiwa na "mtu wa ofisi" akaambiwa amesajiliwa kwa mafunzo ya kina mama, asome nambari sita iliyoingia kwake ili athibitishwe. Akasoma. Dakika hiyo hiyo WhatsApp yake ikamtoka, ikaenda kukaa kwa mtu mwingine, na picha yake ya harusi bado iko pale juu.

Kisha ikaanza kutuandikia. "Niaje aunty, nisaidie 8,000 nirudishe jioni." Wanawake watatu walituma. Mimi nilisita kwa jambo moja: yule bibi tangu nimjue hajawahi kuandika hata mstari. Yeye ni sauti tu, dakika nne nne, anaanza kwa kuuliza hali ya goti langu. Leo ameacha goti, anaandika "niaje"? Nikampigia kwa laini ya kawaida, akapokea analia.

Tulimsaidia kurudi. Alisajili WhatsApp upya kwa laini yake, nambari sita ikaja kwake, yule mwizi akatolewa. Lakini kwa dada yangu, aliye Mtwapa, haikuwa rahisi. Mwizi alishaweka pini yake mwenyewe ya hatua mbili, ile WhatsApp huiuliza baada ya zile nambari sita, ikabidi angoje siku saba. Siku saba jina lako liko mikononi mwa tapeli, anakopa kwa ndugu zako.

---

Baharia Mstaafu · saa 3:00 asubuhi

Nyinyi mwaogopa simu inayolia. Mimi naogopa inayonyamaza.

Nilikuwa kwenye feri ya Likoni, jioni, msongamano wa watu wanaotoka kazini. Natazama simu, ile minara ya mtandao imekwisha yote. Nikasema ni katikati ya maji haya. Feri ikagota upande wa pili, kina mama kando yangu wote wazungumza kwenye simu zao. Yangu kimya. Nikaizima, nikaiwasha. Kimya.

Wajua nilifanya nini? Nilikwenda nyumbani nikala wali. Kesho asubuhi ndipo naambiwa laini yangu ilibadilishwa jana yake saa kumi na moja na nusu, ikatiwa kwenye kadi nyingine. Pesa zote za simu zimehamishwa, na mkopo juu yake umechukuliwa kwa jina langu.

Wiki moja kabla yake kijana mwenye adabu sana alinipigia, "mzee wangu, twahakikisha usajili". Nikampa nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa. Nikamshukuru, tena.

---

Fundi wa Mwembe Tayari · saa 3:22 asubuhi

Pole mzee. Na umesema jambo ambalo watu wengi hawaliweki kwenye hesabu. Laini ikifa ghafla mahali ambapo wenzio wana mtandao, hiyo ni arifa kubwa kuliko meseji mia. Azima simu ya jirani, piga kampuni yako papo hapo, wazuie laini na pesa. Wali utaula baadaye.

Wenye laini ya Safaricom, bonyezeni *100*100# leo. Ukishafanya hivyo laini yako haibadilishwi kwa ejenti wa kichochoroni, lazima mwenyewe ufike dukani kwao na kitambulisho. Ni bure. Na wao wakikupigia hutumia 0722 000 000. Nambari nyingine yoyote ikikuuliza habari za kitambulisho, ni ile adabu ya kijana wa mzee. Ukipata ujumbe wa utapeli, unaweza kuipeleka nambari iliyoutuma kwa 333.

Kuna na huyu mwingine atakayekwambia "bonyeza nyota ishirini na moja nyota, kisha nambari hii, kisha reli, tukurekebishie mtandao". Huko ni kuelekeza simu zako zote kwake. WhatsApp ikishindwa kwa meseji huweza kupiga simu ikasoma nambari kwa sauti, na hiyo simu itapokelewa na yeye. Ukihisi umeshafanya, bonyeza ##002# uvunje maelekezo yote.

---

Kijana wa Tudor · saa 4:15 asubuhi

Nashughulika na kompyuta kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo haya ni maji yangu.

Kuhusu kutumiwa arifa mfululizo usiku: kuchosha mtu ni mbinu yenyewe. Septemba 2022 Uber, hii hii ya teksi, iliingiwa namna hiyo. Mshambuliaji alikuwa ameshapata neno la siri la mfanyakazi mmoja wa mkataba. Kilichombakia ni yule mtu kubonyeza "kubali" kwenye simu yake. Akamtumia maombi, akakataliwa. Akatuma tena. Na tena. Mwishowe jamaa akakubali moja, na kampuni nzima ikawa wazi. Kwa hivyo Google ikikuuliza saa nane usiku "ni wewe unayeingia?", na wewe uko kitandani, jibu ni hapana. Halafu jua kitu: swali lile likija, mara nyingi maana yake neno lako la siri limeshajulikana, tofauti na ile meseji ya "nimesahau" anayoweza kuiomba mpita njia yeyote. Ile ya meseji waweza kuilalia. Hili la kukubali na kukataa, ukishakataa, amka ubadilishe neno la siri.

Lakini si kila arifa ya ajabu ni mwizi. Nani anakumbuka 20 Februari 2020? Simu za Samsung dunia nzima zilipata arifa kutoka kwa Find My Mobile, ile programu ya kutafuta simu iliyopotea. Imeandikwa 1, na chini yake 1. Hakuna kingine. Ukibonyeza, inatoweka. Watu walidhani kuna mtu anatafuta simu zao. Samsung ikaeleza baadaye kwamba lilikuwa jaribio la ndani, limetumwa kwa bahati mbaya, halina madhara. Siku hiyo hiyo watu wakakimbilia tovuti yake kubadilisha maneno ya siri, na kule Uingereza baadhi yao wakajikuta wanaona jina na anwani ya mtu mwingine. Watu kama 150 hivi habari zao zilionekana. Samsung ikasema hiyo ni hitilafu nyingine, haihusiani na ile 1. Haya, mweleze hivyo mtu aliyekwishashikwa na hofu.

Na matapeli hiyo hofu wanaijua. Sasa wanakutumia meseji ya kukuokoa: "kuna anayejaribu kuingia akaunti yako, bonyeza hapa uilinde". Jina la mtumaji laweza kughushiwa, ikaingia kwenye foleni ile ile ya meseji za kweli za benki yako, moja juu ya nyingine. Mimi siku hizi siingii kwa kiungo cha meseji hata iwe ya kweli. Naiacha pale, nafungua programu yenyewe kwa mkono wangu, natazama huko ndani kuna nini.

---

Mahamri na Mbaazi · saa 4:40 asubuhi

Sawa mumenicheka, sasa niulize la kweli. Mimi yangu huniambia "simu yako ina virusi 13, safisha sasa", kila siku, hata nikiwa sijafungua chochote. Ile simu niliyoitupa ilikuwa na hiyo. Na mpya imeanza.

---

Fundi wa Mwembe Tayari · saa 4:52 asubuhi

Ulikwenda kutazama mpira wa bure kwenye tovuti fulani, ikakuuliza "ruhusu arifa?", ukabonyeza ruhusu ili iondoke. Kwenye simu zote mbili. Hakuna virusi, ni tovuti inakupigia kelele kwa ruhusa yako mwenyewe. Fungua Chrome, mipangilio, arifa, utaikuta imejipanga pale. Izime. Ulitupa simu nzima bure, ungeniletea mimi.

---

Mwana Kibokoni · saa 8:20 mchana

Nimerudi. Nilifunga duka nikakaa na kikombe cha kahawa nikafanya kama Fundi alivyosema: moja moja, neno kwa neno.

Meseji nane ni za Facebook.

Ya tisa si ya Facebook. Ya tisa ni ya WhatsApp. Ina tarakimu sita, imeandikwa usimpe mtu yeyote. Ilikuja saa kumi na moja na dakika hamsini na tatu. Na yule bwana meseji yake iliingia saa kumi na moja na dakika hamsini na tano.

"Naomba unisomee ile ya mwisho tu."

Mwili ulinisisimka, wallahi. Nane zote zile zilikuwa za kunizoesha. Nilishaona Facebook, Facebook, Facebook, hata macho yakaacha kusoma.

---

Fundi wa Mwembe Tayari · saa 8:34 mchana

Ndiyo hiyo niliyokuwa naitafuta.

Sasa fanya haya ukiwa umekaa hapo hapo. WhatsApp, mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Weka pini yako, si mwaka wa kuzaliwa, na uweke barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Hapo hata siku ukiteleza ukasoma zile sita, ataikuta pini mbele yake. Kisha tazama vifaa vilivyounganishwa, uniambie waona nini.

---

Mwana Kibokoni · saa 9:15 alasiri

Naona simu yangu, na kompyuta moja ambayo si yangu, sina kompyuta mimi.

Nimekaa nikafikiri mpaka nikakumbuka. Kabla ya Idi nilikwenda kwenye saiba moja mjini kuchapisha picha za leso mpya, kijana akaniambia fungua WhatsApp hapa, uchukue picha upesi. Nikafungua. Nikachukua. Nikalipa, nikaondoka. Miezi yote hiyo imebaki wazi pale, na watu wanakaa kwenye kile kiti.

Nimeitoa. Lakini nimekaa nafikiria mazungumzo yangu. Kuna wateja hunitumia vipimo vya mwili, kuna bibi harusi alinieleza mambo ya nyumbani kwao. Hii imenichoma kuliko ya yule tapeli, kwa kweli. Yeye alibisha. Hii nilifungua mwenyewe nikasahau.

Na swali lako la pili, Fundi. Barua pepe yangu iko chini ya ile laini iliyopotea. Kwa hivyo mtu aliyeuziwa laini ile leo, akiwa na nia mbaya, ni mimi kwake kama huyu anavyodai yeye ni kwangu.

---

Kijana wa Tudor · saa 9:40 alasiri

Ibadilishe kabla ya Alasiri haijaisha. Na ukiwa ndani ya Google chukua zile nambari za akiba. Wanakupa kumi, kila moja tarakimu nane, inatumika mara moja tu. Ziandike karatasi, uziweke nyumbani. Siku laini ikipotea ndizo zitakazokuingiza.

---

Mwana Kibokoni · saa 9:58 alasiri

Nimeziandika nyuma ya kitabu cha risiti.

---

Fundi wa Mwembe Tayari · saa 10:01 alasiri

Kitabu cha risiti! Mteja ataondoka nazo na kisutu chake. Zipeleke nyumbani ziwekwe na dhahabu.

Na ukifika kwenye mipangilio ya arifa, zuia maneno ya meseji yasionekane skrini ikiwa imefungwa. Akikunyakua simu mtu wa pikipiki pale Buxton, hana haja ya kuifungua, atazisoma nambari juu ya kioo. Kadi yenyewe nayo itiwe pini, ili wasiihamishie kwenye simu nyingine. Lakini hiyo njoo nikufanyie, maana ukikosea mara tatu inajifunga na kudai PUK, ile nambari ya kuifungulia kadi, na PUK mnazitupa na kile kikadi zilichokuja nacho.

---

Baharia Mstaafu · saa 11:20 jioni

Mimi bado nina kitu rohoni. Tuseme yule mtu angekuwa mkweli. Laini kweli ilikuwa yake, picha za mama yake kweli ziko mle. Amana ya mtu imeangukia nyumbani kwako, wewe umeifungia mlango?

---

Kijana wa Tudor · saa 11:32 jioni

Mzee, mkweli ana njia nyingine. Barua pepe aliyofungulia, au simu ya zamani ambayo bado iko ndani ya akaunti, aingie kwa hiyo kisha aitoe nambari asiyokuwa nayo tena. Ni taabu, lakini hiyo ni taabu yake yeye na Facebook. Akiipitishia kwa Mwana Kibokoni, huyu hana macho ya kumwona aliye upande wa pili.

---

Mwana Kibokoni · saa 1:45 usiku

Baharia, hilo hata mimi lilinisumbua, nikamjibu. Fundi usinigombe. Sikumpa nambari. Nilimuuliza swali moja tu: "Kama laini ilikuwa yako, nitajie yule aliyekuwa akidai pesa za mbuzi."

Akajibu: "Mbuzi gani tena dada, fanya haraka, nambari inaisha muda."

Nikamfungia.

---

Shangazi wa Kisauni · saa 1:50 usiku

Pesa za mbuzi! Nimecheka mpaka mjukuu amekuja kuangalia.

---

Mwana Kibokoni · Ijumaa, wiki mbili baadaye

Narudi kidogo tu, uzi usife.

Leo saa tano mchana, duka limejaa, imeingia meseji ya Facebook. Moja. Hakuna aliyeandika kuomba, hakuna aliyepiga. Baada ya dakika kumi ikaja ya pili, kisha kimya mpaka sasa.

Hii naona si ya yule. Nadhani mahali fulani kuna mtu wa kweli amekaa na simu, amejaribu mara mbili, akakumbuka kwamba laini hana tena. Pengine ndiye wa mbuzi. Na tarakimu zake hizi hapa, naziona, ningetaka ningeingia kwake sasa hivi nikatazama picha zote.

Nimezifuta.

---

Bibi Harusi Mtarajiwa · saa 12:10 jioni

Samahani kuingilia, nimesoma uzi wote. Hizo leso za kisutu unazo jozi ngapi? Nataka sita, za Mtwapa.

---

Mwana Kibokoni · saa 12:14 jioni

Ziko, mwanangu. Njoo dukani uzishike kwa mkono. Na uje na kitambulisho, siku hizi siamini mtu.